Walimzika Mercyline Akiwa Kazini

Jumamosi hiyo Mercyline alikuwa anapiga pasi kanzu za mwenye nyumba huko Uarabuni, kama Jumamosi zote. Alikuwa jirani yetu hapa Elburgon, tumechota maji bomba moja, kwa hivyo usiniambie natunga. Alikuwa huko mwaka wa pili. Jina walimbadilisha, wakamwita Miriam, eti lake gumu. Simu madam alichukua siku ya kwanza. Chakula ni mabaki, akila amesimama, na usiku alilala stoo kando ya mashine ya kufua. Alivumilia. Alikuwa na binti nyumbani, Shantel, na alitaka asome.

Mara moja tu aliomba simu ya dereva, akampigia mumewe. "Baba Shantel, niko hai. Nitafutie njia nirudi."

Mumewe, Sitati, alikata simu, akabadilisha laini. Ndiyo, Sitati huyo huyo wa kwaya! Alimtaka mwanamke mwingine, Jemutai, na Jemutai alikuwa ameapa hawezi kuwa mke wa pili.

Basi akawaambia watu wake kwamba Mercyline amefia ng'ambo na mwili umepotea. Kwao, mwili usipopatikana, huzikwa shina la mgomba mahali pa mtu. Mjomba wake, mzee Makhanu, alimwuliza mara tatu.

"Sitati, una hakika? Hii kitu haifanyiwi mtu hai. Na akirudi, mgomba uchimbuliwe siku hiyo hiyo, kabla hajavuka mlango."

Sitati akaapa. Wakauvisha mgomba gauni la Mercyline, wakauita kwa jina lake, wakaufukia Jumamosi hiyo, saa sita mchana.

Saa sita hiyo Mercyline alihisi udongo mdomoni. Akatema. Hakuna kitu. Akatema tena.

Tangu hapo madam hakumwita. Alimpita kama anavyopita kiti. Maskini Mercyline akadhani Mungu amejibu maombi! Alifungua geti, hakuna aliyemzuia. Uwanja wa ndege hakuna aliyemwuliza pasipoti. Alikaa kiti kitupu mpaka Nairobi, akilia kwa furaha njia nzima.

Alifika kwake saa nane, jua likiwaka. Kuku walimkimbia. Pembeni mwa shamba aliona kaburi, na msalaba wenye jina lake.

"Hodi," alisema mlangoni.

Jemutai alikuwa anamenya viazi. Hakuinua kichwa. Sitati aliendelea na chai yake.

Shantel ndiye aliyegeuka. "Mama?"

Mercyline alimkumbatia. Mikono ikapita katikati ya mtoto kama moshi. Hapo akaelewa walichomfanyia, na moyo ukamuuma kuliko kipigo chochote cha ng'ambo. Akachutama.

"Mwambie baba achimbue mgomba," alinong'ona. "Leo, mwanangu. Ndio mama aingie."

Mtoto akasema neno kwa neno. Sitati aliweka kikombe chini. Akatazama mlangoni. Akamtazama Mercyline machoni kabisa, na Mercyline akajua ameonekana. Yeye Mercyline akatabasamu.

Sitati akachukua sepetu, akatoka. Mercyline akamfuata akishukuru.

Lakini hakuchimba. Alibeba mifuko ya simiti aliyonunua ya kujengea nyumba ya Jemutai. Akachanganya na mchanga. Akaanza kumwaga juu ya kaburi.

"Baba Shantel, nakuomba."

"Nyamaza," alinong'ona bila kugeuka. "Wewe si ulizikwa?"

Sepetu la kwanza, Mercyline hakuhisi miguu. La pili, kiuno. Alitaka kuita jina la mtoto. Mdomo ulijaa udongo, na safari hii haukutemeka. Shantel alipiga kelele mlangoni, Jemutai amemshika. Sepetu la mwisho, hata mtoto hakumwona tena, akabaki kumlilia.

Asubuhi simiti ilikuwa imekauka. Katikati palikuwa na alama ya kiganja. Haikuzama, kama ya mtu aliyeshika simiti mbichi. Ilikuwa imevimba, imesukumwa kutoka chini, vidole vyote vitano.

Sitati ameibomoa kwa nyundo mara nne, akaziba. Kesho yake alama iko tena. Shantel huenda kuweka mkono wake mdogo juu yake kabla ya shule. Nilimwuliza anatafuta nini pale.

"Ina joto," alisema. "Lakini ya leo si kama ya jana. Inapoa."