Waya za Shaba za Mkunya

Jumatatu moja ya Juni 1996, saa moja na nusu asubuhi, waya zote za kituo cha redio cha Mkunya zilikutwa zimekatwa, zimelala kwenye majani. Kituo kile hakikutangaza kitu. Kilisikiliza tu: nguzo shambani, waya za shaba, na chumba chenye mtambo wa kunasa milipuko ya mawimbi ya redio kutoka mbali angani, mifupi ya kufumba na kufumbua.

Sajenti Winfrida alipofika kutoka Newala, mlinzi Majaliwa alikuwa ameshapigwa na watu, jicho limefumba. Mtafiti, Bwana Cyril, alikuwa anakunywa chai.

"Shikamoo, mzee," Winfrida akamwamkia mlinzi.

"Marahaba, mwanangu. Leo mimi mwizi."

"Amekata ili amuuzie Dadi, Afande," Cyril akasema.

Dadi alinunua vyuma chakavu. Tangu biashara iachiwe huru, hata sufuria za msibani hazikuwa salama kwake. Winfrida akamfuata.

"Nimenunua zipi?" Dadi akacheka. "Si zimelala pale pale? Mama, mwizi wa shaba huacha nguzo. Haachi shaba."

Winfrida hakumpenda, lakini neno lile lilikaa sawa. Akarudi kwa Cyril.

"Mtambo umeharibika?"

"Bahati, hapana. Ulikuwa umezimwa kwa swichi ya ndani."

"Nani huingia ndani?"

"Mimi tu. Ufunguo ni mmoja, ninao mimi. Mlinzi ana wa geti."

"Na hiyo milipuko huja lini?"

Cyril akachangamka. "Kila alfajiri, tangu Mei. Wataalamu wa nje wanakuja Alhamisi kushuhudia."

"Jumapili hakuna," Majaliwa akadakia. "Kalamu yake hairuki, naiona dirishani; inapumzika kama mchungaji alivyoagiza."

"Nyamaza, mzee."

Watu walitaka mlinzi afungwe, naye akawekwa mahabusu; Jumatano angefikishwa mahakamani. Jioni Cyril akamletea chai na mkate. "Mzee wa watu, namhurumia," akasema, akafuta vidole kwa leso.

Winfrida alilala na swali moja. Nyota gani hiyo inayoshika Jumapili?

Alfajiri akaenda shamba la mikorosho lililopakana na kituo. Vitalis, mzee wa kanisa, alikuwa anapuliza salfa umande ungali majanini, mashine ya petroli ikinguruma mgongoni, uso wote njano.

"Unapuliza kila siku, Baba Gasper?" Winfrida akamwuliza.

Vitalis akazima mashine. "Huu ugonjwa wa ubwiri haungoji, Mama Emilia. Ila Jumapili siwashi, hata mikorosho ikauke. Siku nyingine zote mke wangu ananinunia, mashine ikiwaka redio yake inakoroma, hasikii salamu za wagonjwa."

Saa mbili yeye na Vitalis walikuwa kituoni. Winfrida akaunganisha waya mbili, akamwambia Cyril awashe mtambo.

"Waya mbili hazitoshi, Afande."

"Washa tu."

Nje ya ua Vitalis akavuta kamba ya mashine. Kalamu ya mtambo ikaruka juu ya karatasi, ikaruka tena. Akazima, ikatulia.

"Nyota yako naifahamu," Winfrida akasema. "Inasali Mkunya, ibada ya kwanza."

Cyril akakaa. "Nilishatangaza kwamba nimeipata. Baadaye nikagundua ni cheche za plagi ya mashine hiyo. Wataalamu wangejua kwa kutazama tu, na nafasi yangu ya kusoma nje ingekufa."

"Ukakata waya ili wasikute cha kusikiliza. Lakini kwanza ukaingia kwa ufunguo wako, ukazima mtambo, usije ukadhurika. Mwizi gani hufanya hivyo? Mtambo uliuonea huruma. Mzee ukamtupia watu."

"Chai nilimpelekea."

Winfrida alishawafunga wezi wa kuku na wa sadaka, akala chakula chake siku hiyohiyo. Kwa huyu mate yalimjaa machungu mdomoni. Akatoka nje, akatema.

"Nitamwandikia barua ya radhi," Cyril akasema alipofungwa pingu.

"Aliitwa mwizi mbele ya watu. Utasema gulioni."

Saa tano gulio lilikuwa limejaa. Majaliwa, ametolewa mahabusu, alisimama na jicho lake bovu, Cyril mbele yake akaeleza yote kwa sauti ya chini, akiangalia viatu. Kisha akanyoosha mkono.

Majaliwa hakuupokea.

"Sema tena," akamwambia. "Wale wa nyuma hawajasikia. Ndio walionipiga."