Marehemu Alinunua Supu

Mwili wa Sébastien Kalonda ulikutwa sakafuni jikoni kwake, Fisksätra, kitongoji cha Stockholm, Jumatatu moja ya Machi, saa mbili asubuhi. Pembeni yake kulikuwa na kikaango cha chuma na karatasi zilizotapakaa. Damu ilikuwa imeshakauka.

"Pigo moja, kisogoni," alisema daktari wa polisi. "Amekufa tangu Alhamisi jioni."

Inspekta Hanna Mbwana aliinama kutazama. Alizaliwa Farsta, kitongoji kingine cha Stockholm, wazazi wake watu wa Tanga, na kila kesi yenye Kiswahili ndani yake iliishia mezani kwake. Pochi ya marehemu ilikuwapo. Kadi ya benki haikuwamo. Pasipoti nayo haikuonekana.

Aliyeita polisi alikuwa jirani, Isra, baada ya kugonga mlango siku tatu bila kujibiwa.

"Aliishi peke yake?" Hanna aliuliza.

"Hapana. Yuko mwenzake, Heshima. Analala kwenye kochi, mwaka wa sita huu. Wote watu wa Uvira, Kongo. Wanaitana kaka."

"Uliwasikia wakigombana?"

"Alhamisi. Kiswahili sikijui, ila kuna jina walilirudia sana. Emery. Emery."

Kituoni, mtaalamu wa kumbukumbu za benki, Liam, alikuwa anamsubiri.

"Kadi inatumika," alisema. "Ijumaa, tiketi ya ndege kwa jina la Sébastien. Jumamosi, supu na kahawa, Longyearbyen."

"Ndiyo wapi huko?"

"Visiwa vya Svalbard. Kaskazini mwa Norwei, ukipita hapo ni barafu tu. Hata huko watu wanalipa kwa kadi. Jumapili, glavu za sufu na chumba cha wiki nzima. Namba ya siri ilibonyezwa mara moja, bila kukosea."

"Kwa hiyo marehemu alinunua supu siku mbili baada ya kufa."

Hanna aliwapigia simu polisi wa kisiwani wamtafute mwenye kadi. Kisha akakaa kuzisoma karatasi zilizookotwa jikoni. Yalikuwa maelezo ya Sébastien alipoomba hifadhi, miaka kumi na mitano iliyopita. Watu wenye silaha. Nyumba iliyochomwa moto. Kaka yake Emery, aliyepigwa risasi mlangoni. Jina hilo lilikuwa limepigiwa mstari wa kalamu, kwa nguvu hata karatasi ikachanika.

Mchana alikwenda Farsta kwa Pélagie, binamu wa marehemu. Alimkuta bado amevaa aproni ya jiko la shule anakopika.

"Pole sana, mama. Naomba unieleze habari za Emery, kaka yake Sébastien."

Pélagie alimkazia macho. "Kaka gani? Sébastien alizaliwa peke yake. Emery alikuwa kaka ya Heshima. Walimuua palepale mlangoni, halafu wakachoma nyumba."

"Na Sébastien alikuwa wapi?"

"Bujumbura, anauza viatu." Mikono yake ikaanza kuikunja aproni. "Kwani alisema nini kule uhamiaji, madame? Alisema nini?"

Hanna aliaga, akarudi kituoni.

Heshima alikamatwa akila mkate katika chumba chake kisiwani. Hakukimbia. Jumatano akarudishwa Stockholm, akaketishwa mbele ya Hanna, wakili wake kando. Alikuwa mwanamume mwembamba, ndevu zimeanza kuwa nyeupe, Kiswahili chake cha Kongo.

"Kwa nini Svalbard?"

"Kule hawaombi viza, madame. Ukiwa na kazi na pa kulala, unakaa. Hakuna anayekuuliza ulikimbia nini."

"Uliingia kwa pasipoti ya mtu mwingine."

"Wote tuna kipara na ndevu. Hawakuangalia mara mbili."

"Na namba ya siri ya kadi?"

"Alinipa mwenyewe. Kila Ijumaa mimi njo nilikuwa namnunulia chakula."

"Nini kilitokea Alhamisi?"

Heshima alitazama viganja vyake.

"Nilikuwa natafuta sindano, nishone koti. Kwenye droo nikakuta bahasha. Kiswidi nakisoma, miaka sita si michache. Nikasoma nyumba yetu. Nikasoma mlango wetu. Nikasoma kaka yangu, ameandikwa kaka ya Sébastien."

"Na ombi lako wewe?"

"Limekataliwa mara tatu. Watu wa uhamiaji banasema hadithi yangu ni ya kukariri, walishaisikia kwa mtu mwingine. Kila nikikataliwa nilirudi nyumbani nikalia mbele yake. Yeye ananipikia. Ananiambia, kaza moyo, kaka."

"Ulimuuliza?"

"Hakukana. Alisema, 'Mimi sikuwa na kitu cha kuwaambia. Nilikuwa na njaa tu, na njaa haipewi makaratasi. Wewe ulikuwa bado kambini, sikujua kama utafika.' Halafu akanigeuzia mgongo, akaendelea kuparua samaki. Samaki, madame! Nikampiga. Nilitaka ageuke tu, aniangalie."

Wakili aliweka kalamu chini.

"Utafungwa miaka mingi, Heshima," alisema Hanna.

"Hapahapa Sweden?"

"Hapahapa."

Alicheka kicheko kikavu. "Basi wamenikubalia kukaa."

Hanna hakucheka. Aliivuta kompyuta karibu.

"Mahakama itataka kujua sababu. Nieleze habari za Emery, tangu mwanzo. Usiruke kitu."

"Utaandika kwa jina gani?"

"Lako."

Heshima aliisogelea meza. Kisha akaanza, polepole, na Hanna akaandika: barabara ya ziwani, milio ya risasi, mlango wa mbao wa rangi ya kijani. Na hapo, ndani ya jalada la mauaji, Emery akaandikwa kuwa kaka yake Heshima, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyesema ni uongo.