Jumamosi Mashine Hulala

Kalamu arobaini zilifika mstari wa tatu kwa pamoja, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Kila mwanafunzi wa kidato cha sita pale mjini Same alikuwa amefunga kichwani utepefahamu, kitambaa chembamba chenye nyuzi za shaba. Nyuzi hizo zilizungumza na kisanduku kilichokaa juu ya meza ya Mwalimu Mchome. Akielewa mmoja, wameelewa wote. Hesabu za namba changamano, zilizowatoa jasho babu zao, zilikwisha kabla mwalimu hajaketi.

Watu walisema kisanduku kina akili. Mwalimu naye alisema hivyo, maana ndivyo alivyoambiwa na waliokileta.

Eliwaza, mjane, mama yake Nakijwa, alikuwa akiona mengine nyumbani. Binti yake alitia chumvi kwenye maharage mara mbili. Aliulizwa jina la shangazi yake, akababaika kama anayetafuta kitu uvunguni. Lakini Ijumaa jua likizama alivua utepe kwa ajili ya Sabato, na kesho yake baada ya ibada alikuwa mzima, anamtania mama yake kwamba wimbo ukipanda yeye hubaki bondeni. Jumatatu aliufunga tena. Jumatano alikuwa keshachakaa.

Eliwaza aliangalia Sabato sita, zote vilevile. Baada ya ya saba aliomba, kisha akaenda shuleni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Nimekuja na jambo moja. Mwanangu anaumwa siku zote, anapona siku moja."

"Mtihani umekaribia. Wote wamechoka."

"Wenzake? Nimewapita hapo nje, mbona wananenepa."

Mwalimu alitabasamu. "Basi apumzike kidogo. Hata kisanduku hupumzika. Jumamosi tukiwa na vipindi vya ziada hulala kabisa, swali moja saa nzima. Nimewaandikia mafundi kwamba siku ya soko mtandao huelemewa."

"Kila Jumamosi?"

"Kila Jumamosi."

"Mwalimu, Jumamosi mwanangu hayupo hapa."

Mwalimu Mchome alikivuta kisanduku karibu. Kisha akafungua kifuniko ambacho hakuwahi kukifungua, akasoma kilichoandikwa kwenye kioo cha ndani. Kisanduku hakikuwa na hesabu yoyote. Kazi yake ilikuwa kutafuta kichwa kilichotangulia, kukikamua, na kuwagawia wengine kilichopatikana. Kwa mwaka mzima, ukiondoa Jumamosi, kilikuwa kimechagua kiti kimoja tu, cha kumi na saba, cha Nakijwa.

Nakijwa aliitwa.

"Ulijua?" mwalimu aliuliza.

"Nilihisi. Nikifikiri nasikia uzito, kama nimebeba watu."

"Mbona hukusema?"

"Zimebaki wiki sita, mwalimu. Nikivua watafeli. Kiure ninayekaa naye hajawahi kufanya swali hata moja mwenyewe."

Eliwaza alimshika mkono. "Mfereji wa kijiji hauchimbwi kwa jembe moja, mwanangu. Jembe litakwisha, na maji hayatafika."

"Ni rafiki zangu, mama."

"Najua. Na mimi nina wewe tu."

Mwalimu aliwasikiliza wote wawili. Alifikiria sifa ambazo shule yake ilikuwa imepewa, akaona haya. Akakizima kisanduku kwa mkono wake.

Siku hiyohiyo aliandika swali moja ubaoni, akaamuru kila mtu avue utepe. Nakijwa alikatazwa kutoa jibu. Dakika kumi hazijaisha, Kiure alinyoosha mkono.

"Mwalimu, naumwa. Kichwa kizito, tumbo linakata."

"Hata mimi," alisema wa nyuma yake. Punde kumi na mmoja wakawa wanaomba ruhusa ya kwenda zahanati.

Mwalimu aliweka kiganja kwenye paji la uso la Kiure. "Huna homa. Hivi ndivyo mtu anavyojisikia asipoelewa."

"Na huisha lini?"

"Wengine dakika tano. Wengine wiki."

Hakuna aliyetoka. Nakijwa alikuwa na jibu tangu mwanzo. Alikalia mikono yake ili asilitoe hata kwa ishara. Kiure alihangaika, akafuta, akahangaika tena. Hatimaye akasukuma daftari lake upande wa Nakijwa, mstari mmoja tu umeandikwa.

"Sema kweli. Mstari huu si wewe uliyeniletea kichwani?"

Nakijwa aliutazama. "Hapana. Mimi nisingekosea hapo."

Darasa zima likacheka, na Kiure akacheka nao. Kisha akaukata mstari wake, akaandika mwingine chini yake.