Kivuli cha Saa Tano

Chepchirchir hakuwa na raha. Mkaratusi mrefu ulisimama wima karibu na nyumba ya Kogo, nyanya wa mume wake, lakini shina lilikuwa limeoza chini. Upepo ukivuma, alitoka nje kuutazama.

Siku ya kuukata ilifika. Saa tatu na nusu mumewe, Kipkurui, alisimamisha fimbo ya mita mbili, ile wanayoilaza juu ya michai wakichuma majani. Kivuli chake kilikuwa mita mbili. Kisha akakimbiza majani kituoni, maana lori la kiwanda halingojei mtu. Aliporudi, saa tano kasoro, alipima kivuli cha mti. Mita kumi na mbili.

"Fimbo ni sawa na kivuli chake, basi hata mti ni mita kumi na mbili," alisema. "Nyumba iko mita kumi na tano. Haiwezi fika. Kogo akae tu ndani."

Mkata miti akawasha msumeno. Chepchirchir aliogopa, akamkimbilia jirani yao Jerusa, mwalimu wa hesabu.

"Ngojeni!" Jerusa alipaza sauti akija. "Kipkurui, fimbo ulipima saa ngapi?"

"Kabla niende kituo."

"Na mti?"

"Saa hii tu."

"Jua imepanda. Simamisha fimbo tena."

Kivuli sasa kilikuwa mita moja.

Jerusa alichora pembetatu mbili mchangani. "Fimbo, kivuli na mwali wa jua, hiyo ni pembetatu. Mti iko na yake. Zingelingana umbo na ukubwa, tungesema ni sawa. Hizi zinafanana tu. Pembe ni zile zile, lakini moja ni kubwa. Ukipima saa tofauti, pembe zinabadilika. Sasa fimbo ni mara mbili ya kivuli chake. Na mti?"

"Ishirini na nne," Chepchirchir alijibu. Alikimbilia mlango wa Kogo.

Kogo alitolewa nje akinung'unika. Mkata miti alipanda, akakata kilele cha mita kumi na kukishusha kwa kamba. Zikabaki kumi na nne. Alipokata shina, upepo uliugeuza mti kuelekea nyumbani. Chepchirchir alifumba macho.

Kishindo!

Alipofumbua, ncha ya mti ilikuwa mbele ya mlango. Kogo aliokota fimbo ya chai, akailaza kutoka kwenye ncha kuelekea mlangoni. Nusu yake iliingia ndani ya nyumba.

"Na ulisema nikae ndani," alimwambia mjukuu wake.