King'ora cha Ndabibi

Ndugu zangu wa Ndabibi, mnazijua zile asubuhi za baridi, moshi wa jikoni ukiwa umetulia juu ya mahindi. Mzee Kang'ethe alikuwa uani akinywa chai, naye Wangu, mke wa mwanawe, akichambua maharagwe huku mimba yake kubwa ikimsumbua mgongo. Mzee alimpenda binti huyo kuliko hata wanawe wa kuzaa.

Mara nesi Linah akaingia langoni, amekunja uso. Kang'ethe ndiye mwenyekiti wa kamati ya zahanati, na alikuwa ameitoa ambulensi, ile moja tuliyo nayo, iongoze msafara wa mazishi ya rafiki yake kule Rongai.

"Mwenyekiti, hiyo gari ni ya wagonjwa. Mama akizidiwa leo, nitambeba na nini?"

"Ni siku moja tu, Linah. Marehemu alikuwa mtu mkubwa. Tumpeleke kimyakimya kama hana watu?"

Nasi tusijifanye. Tulipoulizwa mkutanoni, tulipiga makofi. Nani kati yetu hapendi mazishi yenye king'ora?

Huko Rongai hotuba zilikuwa ndefu, na Kang'ethe alikuwa amezima simu kwa heshima. Alipoiwasha tu, Linah akampata.

"Mzee, Wangu alijifungua, akatokwa na damu sana. Tulimweka kwa pikapu ya kabeji tumkimbize Naivasha. Mtoto yuko hai. Wangu ametuacha njiani."

Sasa sikieni lililomvunja kabisa. Siku ya kumzika Wangu, kamati ilitaka kumfariji mwenyekiti wake. Jeneza likaletwa na ambulensi, king'ora kikilia. Kang'ethe akakimbia barabarani, akang'ang'ania dirisha la dereva.

"Kiprugut, zima! Zima hiyo kitu!"

"Lakini mzee, si ni heshima yenu?"

Kilizimwa. Kwake yeye hakijanyamaza hadi leo. Hukisikia akinawa mikono, hukisikia kanisani watu wakiomba. Mjukuu akilia, mzee huinuka mbio kwenda kuangalia kama gari linakuja, na barabara huwa tupu.

FUNZO

Ambulensi ni moja, nasi ni wengi. Apande kwanza yule ambaye asipopanda atakufa, hata awe mtu wa nani. Maiti hana haraka. Tukiulizwa tena mkutanoni, tukatae, hata aliyelala jenezani akiwa ndugu yetu. Siku ile hakuna aliyeinua mkono kupinga, na Wangu alikuwa wetu sote.