Dola ya Padri Makarius

Asubuhi hiyo jiko lilinuka kiberiti, na Pelagia alikuwa hajawasha moto. Juu ya maji ya sufuria palitanda rangi ya zambarau na bluu, kama mafuta ya taa yaliyomwagika dimbwini. Aliyamwaga upesi. Rangi hiyo aliijua, na aibu ikamshika.

Padri Makarius, mzee ambaye Pelagia alimpikia kwa miaka tisa pale Kawajense, alikuwa na sarafu ya dola, ya fedha halisi, yenye zaidi ya miaka mia. Aliiweka kwenye bahasha yenye majina ya wote walioimiliki: wanne, wa mwisho yeye mwenyewe. Rangi ile iliota juu ya dola hiyo polepole, na ndiyo iliyoipa thamani kwa wakusanya sarafu. Siku moja Pelagia aliikuta, akadhani ni uchafu. Akaisugua kwa majivu kama sufuria, mpaka ikang'aa.

Padri alipoiona, alilia. "Nani kafanya hivi?"

"Arcade," alijibu Pelagia.

Arcade, mtunza bustani, alifukuzwa siku hiyohiyo, akarudi kwao Kasekese bila kujitetea.

Tangu hapo, kila Pelagia alipobaki peke yake jikoni, hata mchana kweupe, harufu ile ilimjia, kisha pumzi ya mtu nyuma ya shingo yake, kisha sauti kavu, ya chini, iliyouliza tena na tena, "Nguo yangu iko wapi?"

Akaenda Mwamkulu kwa mganga Manyanda, akamnong'oneza yote, ila habari ya Arcade akairuka.

"Rangi ile ni nguo ya jini, mama, nawe umemvua," alisema Manyanda, akimpa dawa ya kunawa. "Hii inafanya kazi kama hujanificha kitu."

"Sijakuficha."

Alinawa. Kesho yake vidole vyake vilikuwa vya zambarau. Akavificha ndani ya kitenge.

Jumamosi Padri alimwita, bahasha mkononi. Chini ya jina lake palikuwa na jina la tano, Pelagia, kwa mwandiko wa mmiliki wa kwanza, aliyekufa zamani.

"Nani kaandika hapa?"

Pelagia alitazama bustanini. Maharage yalikuwa yamekauka, na hakukuwa na mtu wa kumsingizia. Akatoa mikono.

"Sijui nani kaandika, Padri. Ila dola niliisugua mimi. Arcade hakuigusa. Nilimsingizia."

Arcade aliitwa, akarudi Jumatatu. Harufu ilikuwa imekwisha. Alimpa Pelagia mkono kama zamani, akaushika kidogo, akauachia. Mkono wa Arcade ulibaki safi. Wa Pelagia sasa ulikuwa wa zambarau mpaka kwenye kiwiko.