Kaka Kabeba Bunduki za Baba, na Baba Bado Mzima!

Sefu liko wazi... na ndani hamna kitu!

Jamani, nilishika mlango wa lile sefu la chuma la baba nikachungulia mpaka kwenye kona. Bunduki zote za ukoo wetu, kuanzia ile ya babu yake baba aliyekuja nayo hapa Montana, zimebebwa.

Na baba hajafa! Yuko hospitali, kapata kiharusi, mkono mmoja umegoma, ila anaongea na anakula vizuri tu.

Nikampigia kaka yangu, Royce.

"Bunduki ziko wapi?"

"Ninazo mimi. Tulia, dada."

"Nitulie nini? Za kwako hizo?"

"Mzee hawezi tena kuwinda. Jumamosi kuna maonyesho ya bunduki pale uwanjani, nimeshapata meza."

"Unaziuza?!"

"Wewe ungezifanyia nini, Arlette? Mume huna, mtoto huna!"

Nyuma yake nikamsikia wifi yangu Corinne akicheka. "Mwambie sufuria za mama yake tumemwachia!"

Nikakata simu. Wala sikulia. Mimi nikiumizwa huwa silii, napanga.

Sasa nisikilizeni. Kwetu mwanamke kuwinda si kitu cha ajabu. Kila msimu wa kulungu ukiisha ni mimi niliyekuwa nakaa na baba kule chini kwenye sefu, tunasafisha mitutu na kupaka mafuta, vidole vinanuka wiki nzima. Royce alikuwa anakuja nyama ikishaiva.

Mwaka huu theluji ilipoyeyuka, baba alituita wote chakula cha jioni. Ndugu wawili majirani zetu hawazikani kwa sababu ya bunduki moja ya marehemu baba yao, na yeye hakutaka yatukute. Akamleta wakili, Bi Ostby, atueleze. Bunduki zinawekwa kwenye amana ya familia. Haziwi za mtu mmoja, hakuna wa kuuza bila ruhusa, na kuna msimamizi mmoja mwenye kauli.

Royce muda wote yuko kwenye simu.

"Baba, hayo makaratasi ni ya matajiri bwana," akasema. Akakata kipande cha pai, akamshika mkewe mkono, wakaondoka. Jina la msimamizi hakulisubiri.

Msimamizi ni mimi!

Najua mtasema ningemwambia tu kwenye simu. Ni kweli. Angerudisha, angeomba msamaha, yangeisha. Sikutaka yaishe! Nilitaka aumbuke mchana kweupe, mbele ya kaunti nzima, na huyo mkewe anayecheka awe pembeni yake.

Jumamosi nikaenda. Uwanja umejaa, watu na vikombe vyao vya kahawa wanapita meza kwa meza. Royce kazipanga bunduki zetu juu ya kitambaa chekundu, anatabasamu kama bwana harusi.

Mzee mmoja aliyekuwa anawinda na baba akasimama pale mezani.

"Hii si ya Halvor, baba yako?"

"Ilikuwa yake," Royce akajibu. "Urithi."

"Urithi? Halvor kafa lini?"

Watu wakageuka. Corinne akaanza kujifanya anakunja kitambaa.

Nikasogea na polisi wa kaunti niliyekuwa nimeshamripotia, naibu sherifu Burdette, karatasi za amana ziko mkononi mwake.

"Royce, una ruhusa ya msimamizi kuuza hizi?"

"Msimamizi gani?"

"Mimi," nikasema.

Mngeuona uso wake! Ulikwisha rangi. Akacheka kidogo, akaniangalia, akaona mimi sicheki.

"Arlette, usinifanyie hivi. Mbele za watu?"

"Mbele za watu hasa."

Akafungwa pingu palepale. Corinne alinifuata mpaka kwenye gari ananiita wifi, wifi, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nikapandisha kioo.

Nilikwenda moja kwa moja hospitali kumpa baba habari. Nikamsimulia yote, kitambaa, pingu, kila kitu.

"Ila namba ya sefu sijui kaipata wapi," nikasema.

Baba akatazama dirishani.

"Nilimpa mimi."

"Baba!"

"Alikuja hapa akaniomba. Nikampa namba ya kufungulia. Ruhusa ya kubeba sikumpa."

"Ulijua atazibeba?"

"Bunduki niliyompa siku alipoua kulungu wake wa kwanza, Arlette... niliikuta inauzwa dukani mji wa pili. Nikanunua bunduki yangu mwenyewe."

Huo kwetu ni mwiko. Bunduki ya kulungu wa kwanza baba anakukabidhi kwa mkono wake, nawe utamkabidhi mwanao. Hata ukifa njaa huiuzi.

"Sikuwa na moyo wa kumfukuza mezani kwangu," akasema. "Nikajua wewe unao."

Yaani na mimi nilipangwa! Mzee kalala kitandani na mkono mmoja, kafanya kisasi chake kwa mikono yangu.

Mnadhani nilikasirika? Nilicheka mpaka nesi akaja kuchungulia.

Kicheko kimeishia jana. Baba kanishika mkono kwa ule mkono wake mzima, machozi yanamtoka.

"Mwanangu, inatosha. Kawaambie hutaki kesi. Nilitaka ashtuke tu."

"Hapana, baba."

"Ni kaka yako."

"Na mimi nilikuwa dada yake siku aliponicheka sina mtoto."

Akaachia mkono wangu. Leo nimempelekea supu, hajaigusa, na wala hakunigeukia.

Wazazi mnaosoma hapa, pangeni urithi mapema, mkiwa na nguvu, na mtoto aliyewakosea mwambieni usoni akiwa amekaa mbele yenu. Msituachie sisi watoto tumalizane. Mimi kesho nina miadi na mwendesha mashtaka, na mpaka sasa hivi ninavyoandika, kesi siifuti.